Mafuta Kwenye Rimu

Baba ya mtoto wangu aliuawa na baraka. Nayaandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kuyasema, na kwa sababu nimechoka kuambiwa eti ni shetani, eti ni jicho la mtu, eti Mungu alikuwa na mpango wake. Mungu hana mpango na rimu ya baiskeli. Yalikuwa mafuta ya mkia wa kondoo. Naijua mikono iliyoyapaka, najua yalipakwa wapi, na najua kwa nini hayakufutwa.

Nyumba yetu iko Lodwar, upande ule wa mlima ambako mabomba yalichimbiwa, yakafungwa mifereji, kisha yakaachwa yapige mluzi. Maji yako chini, mtoni Turkwel, na ili uyafikie lazima uteremke njia ya mawe, uvuke lami, kisha upite mchangani kati ya mikoma. Mume wangu alikuwa anawapelekea watu maji nyumbani kwa baiskeli ile nyeusi, nzito, ya wazee. Kwenda ni kuteremka na mitungi mitupu. Kurudi ni kusukuma. Nimemwona akifika juu mdomo wazi, hana hata nguvu ya kusema shika mtoto.

Ndipo akapata injini. Ilikuwa ya pampu ya maji ya shamba moja la kando ya mto, shamba lenyewe lilishakauka, na mwenyewe alikuwa anaitumia kuzuia mlango usigonge-gonge na upepo. Mume wangu aliipasua yote akaitandaza juu ya gunia uani kama mtu anayegawa nyama. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na spana mkononi. Nilisoma hadi kidato cha nne, fizikia nilipita vizuri kuliko wavulana, na nilipoolewa nilidhani fizikia imeisha kazi. Kumbe haijaisha. Tuliifunga ile injini katikati ya fremu, tukavuta cheni ya pili hadi gurudumu la nyuma, na siku ilipounguruma kuku wote wa jirani walipotea hadi jioni.

Kila kitu alikibadilisha isipokuwa breki. Breki zilibaki zile za kiwandani, vyuma virefu vinavyovuta vipande viwili vya mpira hadi vibane rimu. Nilimwambia breki hizo ziliundwa kwa mtu anayekanyaga pedali, si kwa injini. Akasema najua, tutaweka za ngoma, zile zinazofichwa ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, ngoja kazi ishike. Alikuwa mtu wa ngoja. Mtu mzuri, mcheshi, mtoto wake alimpenda kuliko mimi. Lakini wa ngoja.

Sasa, kwetu kitu kipya kitakachombeba mtu hakitoki nyumbani kikavu. Mama mkwe wangu ametoka upande wa Kaikor, alikuja Lodwar baada ya ukame kumaliza mifugo, akaja na kondoo aliobaki nao na desturi zake zote, hakuacha hata moja njiani. Siku ya baiskeli alichinja kondoo, akayeyusha mafuta ya mkia katika sufuria, akaita majirani. Alimpaka mwanawe kipaji na kifua. Akapaka usukani, akapaka kiti, akapaka injini. Kisha akainama kwenye magurudumu.

Nataka mtu anielewe hapa. Hakuwa anachezea. Mtu akisafiri kwetu hupakwa miguu, kwa kuwa miguu ndiyo inayokutana na nyoka na mwiba na adui. Baiskeli miguu yake ni nini? Ni magurudumu. Kwa hiyo aliyapaka kuliko kitu kingine chochote. Alilizungusha gurudumu polepole kwa mkono mmoja, akapaka rimu kwa mkono wa pili, pande zote mbili, akiita baraka moja moja, nasi tukiitikia. Barabara impokee. Tukaitikia. Adui asimwone. Tukaitikia. Arudi. Tukaitikia. Nilikuwa naitikia huku naangalia ile mipira ya breki. Ilikuwa inang'aa.

Watu walipokwenda kula nyama nilimvuta pembeni nikamwambia futa rimu.

"Mbele ya mama?" akasema. Alikuwa anacheka. "Unataka nimtemee mate? Nitafuta kwa mchanga nikipita kona."

Nikamwachia. Mimi ni wa hapa hapa, najua kufuta baraka mbele ya aliyeitoa ni kumrudishia usoni. Kona haikuwa mbali, unaiona ukisimama mlangoni, pana mti wa mwiba na mchanga laini. Angesimama pale, akafuta, mama yake asingejua. Alimbeba mtoto akamzungusha kidogo uani, akamshusha, akafunga mitungi mitupu, akateremka. Tulimsikia akizima injini pale konani. Nikasema moyoni, vizuri, anafuta. Kisha tukaisikia ikiunguruma tena.

Njia ile ya mawe inaisha kwenye lami, na lami ile ndiyo ya malori ya kwenda Lokichoggio. Dereva wa lori alisema alimwona akija, akadhani atasimama kama wote wanavyosimama. Simlaumu dereva.

Baiskeli ililetwa nyumbani kabla ya mwili. Sijui nani aliamua hivyo. Foki ilikuwa imekunjwa na gurudumu la mbele lilikuwa kama chapati iliyokunjwa, lakini fremu ilisimama na injini haikupata hata mkwaruzo. Wanawake walikuwa wanalia na kunishika mabega, mimi nikapita katikati yao nikaenda kuigusa. Rimu ya nyuma ilikuwa kavu, ina michirizi ya mchanga, imesuguliwa vizuri. Rimu ya mbele ilikuwa na mafuta kama alivyoyaacha mama yake, yameshika vumbi, yamekuwa uji mweusi. Nilinusa kidole changu. Kondoo.

Kwa hiyo alisimama konani. Alifuta ya nyuma. Ya mbele akaiacha.

Nimelifikiria jambo hilo hadi limekuwa kama jino bovu, ulimi hautoki hapo. Inawezekana mtu alimwita akitaka maji. Inawezekana alichoka. Lakini mimi nilimjua. Naamini aligawanya: nusu ya mwenye akili, nusu ya mama yake. Alimwachia mama gurudumu moja. Na hakuna gurudumu baya la kumwachia mama kuliko la mbele, kwa sababu unaposhika breki kwenye mteremko uzito wote unalalia mbele, ya nyuma inaburuzika tu. Hilo hata mwalimu wangu wa fizikia alilisema, alitupa mfano wa baiskeli, na wavulana wakacheka.

Nina hasira naye. Watu wanadhani mjane analia kwa upendo. Mimi nililia pia, lakini kilio kingine kilikuwa hasira tupu. Ungefuta yote. Mchanga ulikuwa pale. Mkono ulikuwa tayari umechafuka. Ungefuta yote, baba ya mtoto.

Mama mkwe wangu hakula siku nyingi. Alipoanza kusema, neno lake lilikuwa moja, analirudia akikoroga chai, analirudia akichunga. Alisema, "Nilipaka kidogo. Nilikuwa na haraka, wageni walikuwa na njaa. Nilipaka kidogo."

Ningefanyaje? Kila alipolisema nilitoka nje. Nilikuwa na jibu mdomoni, fupi, na lingemuua. Wakati mwingine nilitaka limuue. Nasema ukweli. Kisha ningemkuta amemlaza mtoto wangu mapajani, anamtoa vumbi machoni kwa ncha ya shuka lake, na lile jibu ningelimeza lote likishuka na miiba yake.

Injini ilikaa uani imefunikwa gunia. Shemeji yangu alikuja kuitaka, nikamwambia ajaribu kuigusa aone. Hakurudi. Maji nilibeba kichwani, kwa wateja wale wale wa mume wangu, hadi shingo ikawa haigeuki upande wa kushoto. Mwishowe niliamka asubuhi nikalitoa lile gunia. Nikasema baiskeli nitaiunda tena mimi mwenyewe, na nitaiendesha mimi.

Nilidhani mama mkwe atapiga kelele, mwanamke gani anaendesha pikipiki ya pampu. Hakupiga kelele. Alinitazama, akaenda zizini, akarudi akimvuta kondoo dume kwa pembe. Alimgeuza ili nione mkia.

"Huyu ana mafuta," akasema. "Safari hii sitafanya haraka."

Ndipo nilipojua kwamba kazi yangu si injini. Injini ilikuwa nzima. Kazi yangu ilikuwa breki. Nisingeweza kumkataza kunipaka, maana angeniuliza kwa nini, na sikuwa na uongo mkubwa wa kutosha. Nisingeweza kufuta konani, maana huo ndio ujanja uliomzika mume wangu, na nilikuwa nimeapa sitasimama kwenye mti ule kwa sababu yoyote. Nilihitaji breki ambayo mama wa watu angeipaka apendavyo, amwage sufuria nzima, na bado inashika. Yaani ngoma. Chuma kilichofungwa, breki shuu mbili ndani yake zikitanuka na kubana ukuta wake kwa ndani, mahali ambapo kidole cha mtu hakiingii.

Lodwar nilizunguka maduka yote. Wana vipuri vya pikipiki kubwa za bodaboda, habu pana, haziingii kwenye foki ya baiskeli hata uipanue kwa goti. Tena kila duka kulikuwa na mtu aliyemjua marehemu, ananiuliza unaunda ya nini tena ile kitu, hujashiba. Nikaamua kwenda Kakuma. Nilimwacha mtoto na bibi yake, nikafunga fremu juu ya gari la asubuhi.

Duka nililoelekezwa lilikuwa la mama mmoja Msomali, ndani ya soko la kambi ya wakimbizi, mabati juu na magurudumu yamening'inia kila mahali kama nyama kwenye bucha. Mwenyewe alikuwa ameketi katikati, mtandio mrefu wa rangi ya machungwa, anatafuna ubani. Nje ya mlango wake, chini ya kivuli cha magunia yaliyoshonwa, alikaa fundi Mkongo ambaye kazi yake ni kufunga kile ambacho yule mama ameuza. Huyo alikuwa mtu wa maneno. Kabla sijashusha fremu alikuwa ameshaitukana, ameisifu, na ameniuliza kama nimeolewa.

Nilisema nataka magurudumu ya breki za ngoma. Fundi akacheka.

"Mama, ngoma ni ya babu," akasema. "Diski njo kintu ya kisasa. Ona hii." Akashusha gurudumu lenye sahani ya chuma inayong'aa pembeni. "Unagusa kidogo tu, inasimama. Hata punda nyuma yako anashangaa."

Niliigusa ile sahani. Iko wazi kabisa, inakaa nje kama sikio. Nikamwona mama mkwe wangu akiipaka, taratibu, pande zote mbili, kwa mapenzi yote. Nikasema sitaki.

Alinieleza juu ya diski kama mhubiri. Nilisema vumbi. Akasema vumbi linaingia hata kwenye ngoma. Nilisema mchanga wa mtoni. Akasema maji pia yanaingia kwenye ngoma, tena yakiingia hayatoki upesi, na hapo alikuwa sahihi, lakini maji si mafuta, yanakauka. Nilisema nataka ngoma na kama hana niende kwingine. Yule mama akamwambia anyamaze, mteja akitaka kununua mlango muuzie mlango.

Walinitolea habu ya kwanza. Nzuri kwa macho, mpya, nyepesi. Niliipima na foki, ikaingia. Lakini mashimo ya spoki zake yalikuwa madogo, ya spoki nyembamba za baiskeli. Breki ya mpira inabana rimu yenyewe, spoki hazipati shida. Ngoma inashika katikati, kwa hiyo nguvu yote lazima ipite kwenye spoki hadi ifike kwenye tairi, na spoki nyembamba zitajinyonga moja baada ya nyingine. Nikairudisha. Fundi akanitazama vingine, akaacha kuniuliza kama nimeolewa.

Akaenda nyuma ya duka akarudi na magurudumu mawili ya pikipiki ndogo iliyokufa, ile aina ya zamani yenye pedali. Rimu nene, spoki nene, ngoma mbele na nyuma. Yalikuwa madogo kuliko ya baiskeli. Aliniambia baiskeli itakaa chini, pedali zitakaribia kugusa ardhi, nikikata kona nisikanyage. Nikasema sawa. Afadhali kuwa chini.

Nikaomba spana nikaifungua ya mbele palepale chini. Breki shuu zilikuwa bado nene, hazijalika upande. Ukuta wa ndani wa ngoma ulikuwa laini, hauna ngazi. Nikapitisha kidole kote, nikakinusa. Nikafuta, nikapitisha tena karibu na beringi, nikanusa tena. Grisi ya beringi ikipita sili mbovu, ule mpira wa kuizuia, inaingia ndani ya ngoma, na hapo utakuwa umefunga adui chumbani na mtoto. Ya mbele ilikuwa kavu. Ya nyuma ilikuwa na unyevu. Nikamwambia fundi abadilishe sili, na asafishe kwa petroli, na shuu zile za nyuma sizitaki, zimekunywa grisi tayari, anipe nyingine.

"Abaayo," yule mama akasema, na kwao hilo ni dada, "wewe nanunua ama nanusa? Hii si nyama."

Fundi akacheka sana. Kisha akaketi juu ya mguu wake mmoja akaniuliza, sasa bila mzaha, kwa nini naogopa mafuta hivi. Watu wote wanaokuja hapa wanaogopa mchanga. Wanaogopa mawe. Yeye hajaona mtu wa Turkana anayeogopa mafuta.

Sikupanga kusema. Sikuwa nimemwambia mtu, si mama yangu, si mchungaji. Labda ni kwa kuwa hawakunijua. Nilikuwa nimechuchumaa na ngoma mapajani, nikasema, "Mama mkwe wangu ataipaka. Aliipaka ya kwanza. Mwanawe akashika breki haikushika."

Hakuna aliyesema pole. Nashukuru kwa hilo. Fundi alishusha macho akaanza kupanga spoki ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Yule mama aliacha kutafuna.

"Yeye najua?" akaniuliza.

Nikasema hajui.

Halafu akasema kwao ndugu yake alipoanza kuendesha lori, mama yao alimwaga maziwa kwenye magurudumu kila safari, hata siku ambayo watoto walikuwa hawana maziwa. Nikamuuliza kama lori lilirudi.

"Lori ilirudi," akasema.

Akainuka akaingia ndani, akatoka na breki shuu mpya kwenye karatasi yake, akaziweka chini mbele ya fundi bila kuniangalia.

Fundi alifanya kazi nzuri, siwezi kumnyima hilo. Alinifungia foki imara zaidi, akaingiza gurudumu, akavuta waya ya breki hadi usukanini. Nilimwuliza juu ya kile kisahani kinachobeba shuu, maana kisipofungwa kwenye foki kitazunguka pamoja na gurudumu na kuikata waya. Akasema mama, mimi si mutoto, na kweli alikuwa ameshakata kipande cha chuma cha kukishikilia, akakifunga kwa bolti na nati mbili. Nilisukuma hadi kwenye kingo za laga, mto mkavu, nikaketi, nikajiachia mteremkoni. Ikashika. Aliniuliza kama nataka atoe kopo lake la grisi aipake rimu nzima tujaribu hivyo hivyo. Nikasema hapana. Jaribio hilo lina mwenyewe.

Nyumbani nilirudisha injini mahali pake. Kondoo akachinjwa. Majirani wakaja, wale wale, wakasimama mahali pale pale, na kuna wengine walikuwa wananitazama kama mtu anayechimba kaburi lake mwenyewe. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la kanisani. Anakaribia kuanza shule. Alisimama karibu na bibi yake, ameshika mfuniko wa sufuria, anajiona mkubwa.

Mama mkwe alinipaka kipaji na kifua. Mikono yake ni mikavu, mafuta hayaonekani kuilainisha hata siku moja. Akampaka mtoto. Akapaka usukani, kiti, injini. Anaita, tunaitikia. Hakufanya haraka. Akaja kwenye gurudumu la mbele, akachuchumaa, mkono umejaa mafuta, akaupeleka kwenye rimu.

Mkono ukasimama kabla haujagusa.

Alikuwa anatafuta kitu kwa macho. Alitazama juu ya tairi, pande zote mbili za foki, mahali ambapo kwenye baiskeli ya zamani mipira ya breki ilikuwa inakaa. Hakuiona. Mafuta yalikuwa yanadondoka mchangani. Watu walikuwa wanangoja baraka ili waitikie. Akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, bila kuinua uso.

"Hapa pia?"

Alijua. Sijui tangu lini. Labda tangu siku ile ile, labda na yeye alipita katikati ya waombolezaji akaigusa rimu, akanusa kidole chake. Harufu ya kondoo wake anaijua kuliko mimi. Labda maneno yale yote ya nilipaka kidogo, nilipaka kidogo, yalikuwa ni mlango aliokuwa anaubisha miezi yote hiyo, akingoja mtu amfungulie amwambie, hapana mama, ulipaka sana. Na mimi nilikuwa natoka nje.

Lile jibu langu fupi likapanda tena, lote. Nilikuwa na haki nalo. Mtu anadhani hasira inaisha ukijua mwenzako naye anaumia. Haiishi. Ilinijaa hadi masikioni. Nilimtazama kisogo, shanga zake, zile nywele nyeupe, nikawaza, sema sasa, watu wote wako hapa.

"Paka, Mama," nikasema. "Paka kote. Breki iko ndani."

"Haifiki?"

"Haifiki."

Akapaka. Alilizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kupaka kwa mwingine, pande zote mbili, kama zamani. Lakini sauti ya kuita baraka haikutoka. Midomo ilikuwa inacheza, sauti hakuna. Majirani hawakujua waitikie nini. Binti yangu peke yake ndiye aliyeitikia. Kila gurudumu lilipotimiza mzunguko aliitikia, kwa nguvu, na mfuniko wake mkononi, kana kwamba amesikia.

Sikufuta. Nilifunga mitungi mitupu, nikawasha, nikateremka nikiwa nimepakwa kuanzia kipaji hadi tairi. Injini ilipopata moto mafuta yakaanza kukaangika, nikawa nanukia kama sherehe. Nilipita kona. Nilipita mti wa mwiba, sikuutazama. Chini niliiona lami, na lori likija kutoka upande wa daraja, na nikashika breki ya mbele.

Ikashika.

Haikulia, haikuteleza. Ilishika kama mtu anavyomshika mtoto mkono kabla ya kuvuka. Baiskeli ikasimama mbali na lami, mbali kabisa, pangetosha hata mtu wa pili. Lori likapita, likaniachia vumbi lake likaganda kwenye mafuta usoni.

Nilidhani nitafurahi. Nilikaa pale juu ya kiti, miguu chini, nikabonyeza breki nikaiachia, nikabonyeza nikaiachia, na kila ilipobana nilizidi kulia, kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi hivi. Breki shuu mbili na sili nzima. Mume wangu angeweza kwenda Kakuma siku yoyote, angetukanwa na yule Mkongo, angecheka, angerudi nazo. Mama yake angempaka hadi achoke na yeye angesimama pale pale niliposimama mimi, lori likapita, akavuka.

Nilipogeuka nilimwona mama mkwe juu, kwenye kona. Alikuwa amenifuata kwa miguu hadi kwenye mti. Alikuwa amesimama, mikono yenye mafuta ameishika mbali na shuka lake asilichafue, akinitazama nilivyosimama.

Sikumpungia. Bado siwezi. Niliwasha injini, nikavuka, nikaenda kuteka maji.